Mwaka Wadachi Waliposhinda

Juu kule Kibosho, katika mtaa wetu, hakuna mtu mzima aliyekubali kwamba binadamu amekimbia maili moja kabla ya dakika nne kutimia. Habari hiyo tuliipata mwezi wa Mei, mwaka wa hamsini na nne, kwa njia ya redio ya baba yangu, nayo ilipokewa kama tulivyozoea kupokea uzito wa kahawa unaposomwa na mtu mwingine: kwa ukimya kwanza, kisha kwa maswali.

"Saa aliishika nani?"

"Waamuzi," Baba akajibu.

"Waamuzi wa wapi?"

"Wa huko huko Uingereza."

"Na aliyekimbia?"

"Mwingereza."

"Uwanja je?"

"Wa kwao."

"Basi, shemeji, kesho na mimi nitajipimia kahawa yangu mwenyewe, kisha nikuletee habari za utajiri wangu."

Watu wakacheka. Aliyeuliza alikuwa shemeji yake shangazi yangu, yaani mdogo wa marehemu mume wake. Alikuwa mtu wa maneno laini, mwenye kofia ya kahawia ambayo sikuwahi kuiona imevuliwa isipokuwa kanisani, na alipenda kukaa karibu kabisa na redio, kana kwamba angeweza kuiona midomo ya msemaji.

Baba alikuwa katekista wa misheni, na mkulima wa kahawa na migomba kama wenzake wote. Kiingereza alikiokota kwa mapadre, kidogo kidogo, na katika mtaa mzima ni yeye peke yake, miongoni mwa wazee, aliyeweza kukaa mbele ya redio, akasikiliza sentensi mbili tatu, akazigeuza kwa Kichagga. Kwa hiyo redio ilikuwa yake mara mbili: sanduku lilikuwa lake, na ulimi ulikuwa wake. Jumamosi na Jumapili aliiweka kwenye kigoda mbele ya mlango, waya wake umepandishwa kwenye mgrevilea, na wanaume wakakaa juu ya magogo. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari nikisubiri nafasi ya kuendelea mbele. Nilisimama upande wa jikoni pamoja na wanawake, mahali ambapo tafsiri ya Baba ilisikika vizuri kuliko redio yenyewe.

Kwetu mwenye mbege huonja kwanza. Hujaza kata, hunywa funda moja mbele ya wageni, ndipo huikabidhi, ili kila mtu ajue kwamba haina sumu. Hakuna anayeona haya kwa desturi hiyo wala anayeitaja kuwa ni dharau. Ndiyo sababu shemeji ya shangazi aliposema, jioni ile ya habari za maili, "Mwenye pombe huonja kwanza, mwenye habari je, ataonja nini?" hakuna aliyemkemea. Baba alicheka pamoja nao, lakini niliona kwamba kicheko chake kilikatika kabla ya vya wenzake.

Alikuwa na sababu. Neno lake, mwaka ule, lilikuwa limebeba kitu kizito kuliko mbio za Wazungu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, alikuwa mjane. Kihamba alichoachiwa na mumewe, yaani shamba la nyumbani, kilipakana na kihamba cha shemeji yake huyo, na mpaka kati yao ulikuwa wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka, ndiyo kiapo, na ndiyo ombi la msamaha. Wakati wa masika yaliyotangulia, masale ya upande wa chini, karibu na mfereji wa maji, yalikutwa yameng'oka. Shemeji alisema ni mafuriko. Shangazi alisema mafuriko hayana mikono. Kipande kilichobaki bila alama hakikuwa kikubwa: safu chache za kahawa, migomba, kaburi la marehemu, na mdomo wa mfereji. Lakini kihamba kisicho na mdomo wa mfereji ni kihamba kinachoomba maji kwa jirani kila siku ya Mungu. Shauri lilikuwa limepangwa kusikilizwa barazani mwezi wa Agosti. Waliokuwapo siku masale yale yalipopandwa walikuwa wamekwisha kufa wote, isipokuwa Baba, ambaye siku hiyo, akiwa kijana, alibeba miche. Neno la Baba ndilo lililobaki kuwa mpaka.

Kwa hiyo nilianza kulisikiliza neno hilo kwa makini zaidi, na nilichokisikia hakikunifurahisha.

Mwezi wa Juni redio ilitangaza pambano la ngumi la Marekani, la uzito wa juu kabisa. Bingwa mweupe na mpinzani wake mweusi, aliyewahi kuwa bingwa, walipigana raundi kumi na tano, wote wakamaliza wamesimama, na waamuzi wakampa mweupe. Ndivyo ilivyosema redio, kwa maneno machache sana. Nilikuwa nimepeleka chai, nikasikia mwenyewe. Lakini Baba alipofungua kinywa, tuliona jasho, tuliona jicho lililovimba, tuliona mweusi akipiga ngumi ya tumbo katika raundi ya mwisho na mweupe akishika kamba. Wanaume walisimama. Baada ya hapo walizungumza kwa muda mrefu juu ya waamuzi, kama walikuwa weusi au weupe, na wakakubaliana kwamba swali hilo halina haja ya kujibiwa.

"Baba," nilimwuliza baadaye, "ile ngumi ya tumbo ilitajwa saa ngapi?"

"Raundi kumi na tano, mwanangu. Ungetaka nisiwape hata ngumi moja?"

Lilikuwa jibu zuri, nami nikacheka. Usiku, hata hivyo, nilijiuliza ni ngumi ngapi amewahi kunipa mimi.

Ijumaa ya kwanza ya Julai ilileta tenisi. Mchezo huo tuliujua kwa vijana wetu waliookota mipira ya Wazungu klabuni Moshi, na hakuna aliyetazamia kuupenda. Lakini Baba alisimama mlangoni akatangaza kwamba bingwa mpya, huko London kwenyewe, ni Mmisri.

"Misri ya Musa?" akauliza mzee mmoja.

"Hiyo hiyo, meku."

"Basi ni Mwafrika."

Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alikunja mikono yake akatabasamu, na ule mtaa ambao haukuamini maili ya Mwingereza ukamwamini Mmisri papo hapo, bila kuuliza saa ilishikwa na nani.

Siku mbili baadaye, Jumapili jioni, ilikuwa fainali ya mpira ya dunia nzima: Wahungaria na Wajerumani. Wazee wetu hawakusema Wajerumani. Walisema Wadachi, jina walilowapa walipokuwa watawala wetu, na walilisema huku wakitazama pembeni. Uani kwetu palijaa. Wahungaria, Baba alieleza, hawakuwa wamefungwa na mtu kwa miaka kadhaa. Mchezo haujakaa hata kidogo, akaruka juu: wamefunga. Kabla watu hawajakaa chini, akaruka tena: la pili. Watu ambao asubuhi hawakujua kwamba Hungaria ni nchi walikumbatiana kama waliopata mtoto.

Kisha nikasikia kutoka jikoni jambo ambalo wanaume, kwa kelele zao, hawakulisikia. Uwanja wa huko mbali ulinguruma tena ndani ya redio. Baba hakutafsiri. Baada ya muda mfupi ukanguruma mara nyingine. Baba akainama, akakigusa kitufe, akatikisa kichwa.

"Betri imekufa," akasema.

Hakuna aliyesikitika. Mabao mawili yalitosha. Asubuhi, njiani kwenda misani, watu watatu wanne walimwuliza kama amepata habari kamili, naye akajibu bila kusimama, "Wahungaria wameshinda."

Katikati ya juma niliteremka Moshi kuchukua gauni langu kwa fundi. Fundi huyo alikuwa Mwislamu wa mjini, mzaliwa wa Moshi, ambaye babu yake alikuja na Wadachi akiwa askari wao Mnubi, akaoa Mpare, wakabaki. Barazani kwake, penye cherehani mbili, habari za michezo zilijadiliwa kuliko bei za vitambaa. Nilipotaja Wahungaria, aliacha kukanyaga cherehani.

"Nani kakwambia, binti?"

"Baba. Redio."

"Wadachi tatu, Wahungaria mbili. Mji mzima unajua. Baba yako alilala?"

"Betri ilikufa."

"Betri hufa, sikatai. Lakini hufa kimya. Haitangazi mshindi." Akacheka, akaendelea kushona. "Babu yangu angekuwa hai leo angevaa kofia yake nyekundu akapita nayo hadi stesheni. Mimi sijui nifurahi au nikae kimya. Polisi siku hizi hawapendi mtu mwenye furaha asiyoweza kuieleza."

Alisema kweli. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, ilikuwa hali ya hatari, na huku kwetu serikali ilikuwa ikiwatazama watu mikono na midomo. Gauni langu alilifunga kwa gazeti kuukuu la Kiingereza, kisha akanionyesha kwa kidole picha iliyokuwa juu ya kifurushi.

"Na huyu ndiye Mmisri wenu."

Nilimtazama mtu mweupe, mwenye miwani, ameshika kombe. Maelezo chini ya picha yalisema kwamba ni mkimbizi wa nchi ya Ulaya iliyoingiliwa na wakomunisti, na kwamba Misri ilimpa pasi ya kusafiria.

"Unaliamini gazeti, fundi?" nikauliza.

"Siliamini hata kidogo. Ila redio siwezi kufungia kitambaa."

Nilipanda mlima nikiwa na gauni kichwani na hasira kifuani, nikajua kwamba nimechelewa. Akina mama waliotoka soko la Kwa Sadala walikuwa wamenitangulia, na wao hawakubeba habari nzima. Walibeba maneno mawili tu: Wadachi wameshinda. Hakuna aliyeongeza kwamba ni mpira, pengine kwa sababu aliyewaambia alidhani wanajua, na wao walidhani kwamba neno hilo halihitaji nyongeza.

Shangazi hakuwapo nyumbani. Mbuzi wake pia hawakuwapo. Niliwakuta wote juu, pembeni ya msitu wa serikali, yeye amekaa kwenye jiwe na kamba tatu mkononi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu. Unafanya nini huku?"

"Wakija watahesabu mbuzi kwanza. Wao huanza na mbuzi, kisha watu."

"Shangazi, ni mpira. Wameshinda mpira wa miguu, huko Ulaya."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyepewa peremende na mgeni.

"Walipokuja mara ya kwanza walisema ni kutazama theluji tu," akasema. "Nilikuwa sijazaliwa, lakini mama yangu alikuwapo. Baba yako anasema wameshindwa. Wewe unasema wameshinda, lakini ni mpira. Akina mama wa sokoni wanasema wameshinda tu. Kati yenu ni nani anayewataka mbuzi wangu?"

Nilikaa naye. Nilimweleza kombe la dunia tangu mwanzo, naye alisikiliza kwa adabu huku akiwavuta mbuzi wasile miche ya serikali. Tulipokuwa tukiteremka hatimaye, kwa sababu jioni ilikuwa imeanza kuwa baridi na wala si kwa sababu aliniamini, aliuliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa.

"Kwa nini baba yako alisema wameshindwa?"

"Betri ilikufa, Shangazi."

"Na barazani, je? Napo pana betri?"

Kesho yake, Baba alipokwenda kufundisha katekisimu, nilikigeuza kitufe cha redio. Ilisema papo hapo, safi, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mpira wa miti huko Malaya. Nikaifunga upesi kama aliyechungulia chumba cha wazazi.

Sikumwambia. Badala yake nilianza kuyapima maneno yake ya zamani. Kwa miaka mingi Baba alikuwa ametusimulia siku ya kupanda masale: jinsi alivyobeba mzigo mgongoni, jinsi alivyopanda kwa mikono yake, na jinsi mche wa mwisho ulivyowekwa pembeni kabisa ya mdomo wa mfereji, mdomo wenyewe ukibaki upande wa ndani wa kihamba cha Shangazi. Sasa nilikumbuka kwamba katika masimulizi mengine mvua ilinyesha, na katika mengine jua lilichoma. Mara nyingine mzigo ulibebwa kichwani. Sikujua kama nilikuwa nikikumbuka makosa yake au nikiyatengeneza. Shaka ni kama kunguni: ukishamwona mmoja, kila doa la shuka hutembea.

Mtaani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Picha ya gazeti ilikwisha zunguka. Gauni langu ndilo lililoileta, na sikuweza kuificha. Shemeji ya shangazi aliishika kwa vidole viwili.

"Mmisri wako, shemeji, ametoka kuoga maziwa?"

"Redio ilisema Mmisri," Baba akasema. "Sikuiuliza rangi yake."

"Na Wahungaria, uliwauliza nini?"

Baba akaingia ndani. Tangu siku hiyo magogo uani yalibaki matupu, na redio ikahamia chumbani.

Agosti, Jumapili moja kabla ya misa, mimi na Baba tulisikiliza wawili tu. Ilikuwa michezo ya nchi za himaya, huko Kanada. Watu wawili ambao kila mmoja alikuwa amekwisha kuivunja ile dakika ya nne walikuwa wamekutanishwa katika mbio moja za maili. Aliyekuwa mbele, katika kona ya mwisho, aligeuza shingo kushoto kumtafuta mwenzake, na mwenzake akampita kulia. Wote wawili walimaliza kabla ya dakika nne. Kisha msemaji akaeleza mbio ndefu za siku ile ile: Mwingereza aliyeingia uwanjani mbele ya wote, mbali sana mbele, jua limemwivisha, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akatambaa, na hakuufikia mstari.

Baba hakutafsiri, maana hapakuwa na wa kumtafsiria. Akaniuliza kwa Kichagga:

"Huyo aliyeanguka amekuwa wa ngapi?"

"Hana nafasi, Baba. Hakufika."

"Lakini watu wote walimwona yuko mbele."

"Walimwona. Hakufika."

"Hata wa pili?"

"Hata wa mwisho."

Alikigeuza kitufe. Safari hii hakusema chochote juu ya betri.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amesimama kwenye kahawa yetu pamoja na shemeji ya shangazi. Waliponiona wakanyamaza. Nilimwamkia mgeni, naye akaitikia kwa upole uliozidi kiasi.

"Tunaongea habari za mbio, binti," akasema. "Baba yako ananieleza habari za yule aliyegeuza shingo."

Baba hakumkana. Mpaka leo sijui waliongea nini, na sitajifanya najua.

Siku ya baraza watu walijaa kuliko ilivyohitajika kwa safu chache za kahawa. Nadhani wengi walikuja kwa sababu ya mpira. Mzee aliyekaa mahali pa hakimu alikuwa mtu mpole mwenye koti zito, ambaye alifumba macho watu walipozungumza, akayafumbua waliponyamaza. Shangazi alisema yake kwa ufupi. Shemeji yake alisema yake kwa urefu, na alipofika mwisho hakuwa amemtaja Baba hata mara moja. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeomba kuelimishwa, kama baraza tukufu linaweza kumwuliza shahidi nani alishinda mpira wa dunia.

Watu wakaguna kwa kicheko. Hakimu akafumbua macho.

"Katekista. Nani alishinda?"

"Wadachi," Baba akasema.

"Wewe ulisema nani?"

"Wahungaria."

"Redio ilikudanganya?"

"Hapana. Niliizima. Wadachi walikuwa wamerudisha mabao yote mawili, nikaizima. Asubuhi niliifungua peke yangu, nikasikia wameshinda. Waliponiuliza njiani nikasema wameshindwa."

Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Kwa nini?"

"Baba yangu alilazwa kifudifudi bomani Moshi, akachapwa viboko hamsa ishirini. Nilikuwa nimesimama hapo nimemshikia shuka lake. Sikutaka washinde uani kwangu."

Wazee wachache walitazama chini. Nikadhani, na Shangazi alidhani pia, kwa maana nilimwona akiinua kidevu, kwamba neno la Baba limesimama tena, imara kuliko mwanzo. Mtu aliyejishtaki mwenyewe mbele za watu, nani atamkatalia ushahidi wake? Hakimu naye alionekana kuwaza hivyo. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu:

"Na masale?"

"Niliyabeba," Baba akasema. "Ya juu niliyapanda kwa mikono yangu. Tulipokaribia mfereji nilitumwa kuleta jembe jingine. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Mche wa mwisho sikuuona ukipandwa. Niliuona ukiwa umesimama."

"Umesimama wapi?"

Aliinua mkono kuonyesha, kisha akaushusha.

"Ninapokumbuka, ni ng'ambo ya kaburi, penye mdomo wa mfereji. Lakini wakati huo kaburi halikuwapo. Sina cha kupimia."

Hilo la jembe hatukuwahi kulisikia. Hakuna hata simulizi moja nyumbani lililokuwa na jembe.

Baraza lilikata shauri mapema mchana. Masale ya juu yabaki. Kaburi libaki kwa Shangazi, pamoja na safu za kahawa zilizo upande wake wa juu. Mdomo wa mfereji uwe kwa shemeji, naye Shangazi apewe maji kwa zamu, kwa kupitia kihambani kwa mwenzake. Wote waliona kwamba ni uamuzi wa haki, na wote walijua kwamba mjane ameshindwa.

Nje, Baba alimsogelea dada yake. Yeye alikuwa akifunga kitambaa chake upya, polepole.

"Redio uliweza kuizima," akamwambia. "Hili lilikushinda?"

Baba aliinama kuchukua kikapu chake ambacho hakuwa na haja ya kukichukua wakati ule.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya chuo kikuu, nilikutana na kitabu kikubwa cha matokeo ya michezo ya mwaka ule. Nilikisoma kwa siku nzima badala ya kile nilichotumwa. Yote yalikuwamo. Maili ya Mei ilikuwamo, na saa zilizoshikwa na zaidi ya mtu mmoja. Mmisri mweupe alikuwamo. Wadachi tatu, Wahungaria mbili. Shingo iliyogeuka kushoto ilikuwamo, hata picha yake. Mambo ambayo mtaa wetu uliyakataa yalikuwa ya kweli yote, na niliudhika, kwa sababu nilikuwa nimetumaini kukuta angalau uongo mmoja wa Wazungu. Kisha nikawaza jembe la Baba. Sikujua kama jembe lile lilikuwa ukweli uliotoka mwishowe kwa sababu mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa, au kama lilizaliwa Jumamosi ile kwenye kahawa, kati ya watu wawili waliokuwa wakiongea habari za mbio. Nilimpenda baba yangu, na nilimzika bila kumwuliza. Ningemwuliza, angenijibu vizuri. Hilo ndilo lililonizuia.

Lakini nilikuwapo siku ya kupanda mpaka mpya, juma moja baada ya baraza, na siku hiyo ninaweza kuitolea ushahidi. Shangazi alikuja kunichukua asubuhi. Baba hakuitwa. Wajumbe wawili wa baraza walikuwapo, na shemeji na kofia yake, na lundo la miche ya masale iliyokatwa alfajiri, majani yangali na umande. Kila mche ulipowekwa shimoni, Shangazi aliusimamisha mkono wa mjumbe.

"Ngoja. Njoo, mwanangu, shika."

"Huyu msichana anashika nini?" shemeji akauliza. "Anaupima homa?"

"Anashika mpaka. Wewe chimba." Kisha akaniinamia, na kwa mara ya kwanza tangu baraza niliona kwamba macho yake yamevimba. "Siku watakapokuuliza, usiseme uliona. Watakuuliza ulikuwa umesimama wapi. Sema ulishika."

Nilishika. Nilishika kila mmoja karibu na mzizi, kwa mkono wa kulia, na sikuuachia mpaka udongo ulipokanyagwa. Tulishuka hivyo kwa mwendo wa konokono, wajumbe wakinung'unika, tukapita nyuma ya kaburi, tukaelekea mferejini. Niliyashika yote isipokuwa moja. La mwisho, lile la penye mfereji, lilikuwa limekwisha kupandwa tulipofika, na shemeji, aliyetutangulia kwa kuchimba, alikuwa amesimama juu yake, akiukanyaga udongo taratibu kwa kisigino.